Skopu ya .22 inacheza, nimekaza ringi zote na bado

kulia_kidogo
Wadau niaje. Niko na bunduki ya .22 ya boti (bolt, ile chuma unavuta na mkono kila risasi), ya shabaha tu, iko na skopu, yaani darubini ya kulenga, imeshikwa na ringi mbili juu ya reli. Zamani mita 50 matundu yalikuwa yanakaa pamoja unayafunika na shilingi ishirini. Siku hizi risasi za kwanza zinaenda kulia, nageuza kliki (vile vitufe vya skopu vya kusogeza shabaha) zinarudi katikati, alafu baada ya kitambo zimehamia juu kushoto na hakuna mtu ameguza kitu. Nikishika skopu nikitikisa nasikia kuna kitu inacheza, kidogo sana, si ya kuonekana na macho. Skrubu za ringi zote zimekaza. Jamaa mmoja wa renji ananiambia nipake supaglu niachane na hiyo stori, mwingine anasema skopu yenyewe imekufa ndani. Sitaki kununua ingine na hizi bei kama shida ni skrubu. Nianzie wapi?

babu_wa_kirigiti
Kijana, kwanza toa magazini, fungua boti, angalia chemba na macho yako, na risasi zipeleke chumba kingine kabisa kabla hujaweka hata alenki moja kwa meza. Najua unajua, nasema tu.

Sasa, ringi sio mahali pa kuanzia. Kila mtu hukaza ringi kwa sababu ndizo skrubu anaona. Hiyo reli yako imeshikwa kwa bunduki na skrubu ndogo ndogo zimejificha chini ya skopu, na hizo ndizo hulegea, manake mwenye alifunga mara ya kwanza mara nyingi huzifunga na mafuta ya kiwandani bado yako kwa meno. Skrubu ya mafuta inakaza poa leo alafu inajifungua polepole kila ukipiga. Toa vifuniko vya ringi, skopu iweke kando juu ya kitambaa, shika reli peke yake uisukume mbele, nyuma na kando. Ikicheza, umeshika mwizi wako.

Toa hizo skrubu uzipange kwa karatasi vile zilikuwa, za mbele na za nyuma zinaweza kuwa na urefu tofauti. Osha meno ya skrubu na mashimo yenyewe na spiriti au breki klina mpaka kitambaa kitoke kisafi (breki klina usiiguzishe lenzi wala mbao ya kitako, inakula vanishi). Kausha. Alafu kuna kitu watu hawaangalii: skrubu ikiwa ndefu zaidi inafika mwisho wa shimo kabla kichwa chake hakijaibana reli. Mkono unakwambia imekaza na reli bado inaelea. Jaribu moja moja. Na kama ukikaza ya mbele boti inaanza kuwa ngumu kufunga, hiyo skrubu inaingia mahali haifai, isage kwa faili kidogo kidogo.

mtu_wa_mtaa_47
Supaglu haijawahi niangusha. Kaza mpaka ilie, pakia glu, sahau.

nati_na_boliti
@mtu_wa_mtaa_47 boss na siku unataka kuitoa utatumia nyundo? Supaglu ikikauka inakuwa kama kioo, mtikiso unaivunja, na hapo unabaki na vipande vya glu kwa meno na skrubu imelegea vilevile. Dawa ya hii kazi ni Loctite, gundi ya kushika meno ya skrubu, ya bluu, 243, tone moja kwa skrubu za reli, basi. Kuna ya zambarau 222 pia, hiyo ni ya skrubu ndogo, ukiipata sawa kabisa. Nyekundu usiguze. Hiyo ndio itolewe lazima uipashe moto zaidi ya nyuzi 250, na hakuna skopu inataka moto kama huo karibu yake. Kirinyaga Road pale Nairobi wanauza Loctite duka nyingi, fungua tu kifuniko uone bado ni maji maji.

Kwa ringi mimi siweki kitu chochote. Ringi ni kuosha na kukaza vizuri.

Na hii maneno ya kaza mpaka ilie ndio huua skopu za watu. Skopu ni bomba jembamba la alumini. Ringi nyingi zinataka inchi-paundi 15 hadi 18, hiyo ni kama Nm 1.7 hadi 2, yaani nguvu ya vidole viwili kwa mkono mfupi wa alenki. Skrubu za reli zinaenda kama 20, lakini fuata karatasi ya mwenye alitengeneza kama unayo. Toki renchi ya gari haisaidii hapa, hiyo inaanza kuamka mahali skrubu zako zishakatika. Uliza watu wa baiskeli, ziko ndogo zinaanzia Nm 2.

kulia_kidogo
Wakuu nimetoa skopu jioni hii. Ringi ziko sawa, reli ndio ilikuwa inacheza, skrubu mbili za nyuma nimezigeuza na vidole! Zimejaa mafuta meusi. Ya mbele hazina shida. Sasa maswali mawili: ringi zimeacha alama kwa bomba la skopu, hiyo ni mbaya? Na skrubu moja kichwa kimeanza kuisha, niende jua kali wanitafutie ingine?

babu_wa_kirigiti
Alama ya kung'aa tu ni kawaida. Pitisha ukucha, ukihisi shimo, hapo bomba limebanwa. Alafu zungusha zuumu na kliki zote mwanzo mpaka mwisho, zikienda laini bila kukwama usijali.

Skrubu nenda nayo mfukoni, moja tu, ulinganishe. Bunduki ibaki kwa sefu. Usimpelekee fundi wa jua kali bunduki hata kama ni rafiki yako wa toka shule, kutengeneza silaha ya mtu kwa sheria yetu ni kazi ya mwenye amesajiliwa, na wewe leseni yako ndio itaulizwa. Kichwa kikishaisha kabisa na haitoki, mpelekee dila wa bunduki mwenye leseni.

nati_na_boliti
Ukirudisha, kabla ya kukaza, sukuma ringi ziende mbele kwa mfereji wa reli mpaka zigonge ukuta, kisha kaza. Bunduki inaruka nyuma, skopu inataka kubaki, kwa hivyo ikiwa kuna nafasi mbele itasogea tu. Vifuniko kaza kwa msalaba, kila skrubu robo robo, nafasi ibaki sawa pande zote mbili.

Kunyoosha mstari wa skopu, ning'iniza timazi ya fundi wa mawe kwa ukuta mbali kidogo, bunduki ikae levo, alafu zungusha skopu mpaka mstari wa wima ulale juu ya kamba.

sista_wa_shabaha
Nyinyi wote mmesahau skrubu za chini, zile zinashika chuma kwa kitako. Zikilegea matundu yanatawanyika vilevile na utalaumu skopu bure. Kaguzeni pia.

@kulia_kidogo chora kamstari na rangi ya kucha juu ya kichwa cha kila skrubu mpaka kwa reli. Kamstari kikiachana unajua ni gani imesogea bila kufungua kitu. Loctite iache masaa 24 kabla upige. Na ukifika renji anza mita 25 na karatasi kubwa, manake kliki zako za saa hii zilikuwa zinafukuza skrubu. Kama skopu yako ni ya robo MOA (MOA ni kipimo cha pembe, sehemu ya 60 ya digrii), kliki moja kwa mita 50 ni kama milimita 3.6, kwa hivyo piga tano, pima na rula, ndio ugeuze.

kulia_kidogo
Asanteni sana. Rangi ya kucha naomba wapi sasa, wife ako na nyekundu pekee 😂

sista_wa_shabaha
Nyekundu ndio inaonekana vizuri kwa chuma cheusi. Nunua yako lakini, hiyo ya mke wa mtu wacha.