Laki tisa: kimashine cha muziki au simu mpya? Nipeni akili wakuu

Mgumu_wa_Pasua:

Wakuu habari za jioni. Nipo Moshi, Pasua. Kazi yangu ni mlima, Kilimanjaro: nilianza kama mgumu, kubeba mizigo ya wageni, sasa hivi ni gaidi msaidizi (yaani muongoza wageni mlimani, msinielewe vibaya). Nina karibu laki tisa ya tipsi za msimu huu. Nimeificha mahali ambapo mama watoto anapajua ila anajifanya hapajui. Sasa ninunue kimashine cha kusikilizia muziki, au ninunue simu?

Najua mmeshaanza kucheka. Ngojeni kwanza.

Mwezi wa saba nilipandisha Mjerumani mmoja, mtu mzima, njia ya Machame, siku saba. Mkimya sana, ukimwambia "pole pole" anaitikia kwa kichwa tu. Siku ya pili tukawahi kufika kambi ya Shira, jua bado lipo, vijana wameshasimamisha mahema. Namkuta amekaa juu ya jiwe, kavaa hedifoni kubwa za waya, mkononi ana kidude kama simu ndogo, kinene kidogo, hakina hata kamera. Nikamuuliza anasikiliza nini. Hakujibu. Akazivua, akanivalisha.

Jamani. Wimbo wa dansi wa miaka ya sabini! Ule ambao marehemu baba alikuwa anaupiga kwenye basi kila siku ya Mungu, Moshi hadi Tanga, kanda imechoka mpaka sauti inapepesuka. Wimbo huo naujua kuliko sala ya Baba Yetu, na kumbe sikuwa nimewahi kuusikia. Kuna gitaa la rithimu linakwenda chini kwa chini mwanzo hadi mwisho, mimi tangu utotoni nilidhani pale pana gitaa moja tu. Na kuna mahali, kabla saksafoni haijaingia, mpigaji anavuta pumzi. Nimesikia mtu anavuta pumzi, wakuu, mtu ambaye huenda alishafariki. Nikamrudishia mgeni hedifoni zake, nikaenda kujifanya nakagua maji ya kunywa.

Kidude kinaitwa Sony NW-A306. Nimekifuatilia: kilitoka 2023, dola 350 hivi, gramu 113, hakiingii laini, kina Wi-Fi na Bluetooth na tundu la memori kadi. Sony wenyewe wanasema kinafika saa 36 kwa chaji moja. Simu yangu pale kambi ya Barafu, mita 4,673, nililala ikiwa na asilimia 40. Saa tano usiku naamka kuandaa wageni wa kilele, imezima. Nikaiweka kwapani kama kipimajoto, ikarudi na asilimia 31.

Sasa upande wa pili. Simu hiyohiyo kioo kimepasuka kona hadi kona, namba ya siri ya M-Pesa naibonyeza kwa imani. Mama watoto kasikia mpango wangu, kasema hivi: "Redio ya laki tisa, halafu haipigi hata simu?" Sikuwa na jibu. Mjerumani anarudi Januari na yuko tayari kuniletea kwa bei ya kwao. Anasubiri nimjibu.

Kisusio:

Mchaga. Laki tisa. Redio. Wazee wa ukoo wana taarifa? Hiyo hela ni mbuzi watano wa Krismasi, mbege juu yangu.

FundiDabo:

Mkuu, mimi ni fundi simu hapahapa Moshi mjini, Double Road. Kabla ya Sony nikuulize: nyimbo zako ulizitoa wapi? Maana wateja wa aina yako nawajua. Unapeleka memori kadi kwa kijana wa steshenari, anakumwagia nyimbo mia tano, unaondoka unafurahi. Zile nyingi ni MP3 za 128, yaani kilobiti 128 kwa sekunde, zimebanwa sana. Wimbo wa CD bila kubanwa unakula kama MB 10 kwa dakika, ile MP3 yako inakula pungufu ya MB 1 kwa dakika hiyohiyo. Hizo MB 9 zimekwenda wapi? Zilikatwa zikatupwa. Kwa mtu aliyebana vizuri kutoka kwenye CD hutagundua sana, lakini zilipendwa za mtaani zimetoka kwenye kanda iliyochakaa, zikaingia kompyuta, zikabanwa, kuna mwingine akazibana tena ili ziingie nyingi. Hata ukinunua kimashine cha milioni tano, ile pumzi hairudi. Haimo.

La pili, unasema hedifoni za mgeni zilikuwa za waya. Wengi hawalijui hili: ukitumia Bluetooth, kazi ya kugeuza namba kuwa sauti inafanyika ndani ya hedifoni zenyewe. Kile kigeuzi cha bei mbaya ndani ya Sony kinakaa bure kama dereva kwenye basi linalovutwa. Kwa hiyo ukinunua mashine ya laki tisa na zile za kuchomeka masikioni bila waya za elfu kumi na tano, umetupa hela.

Tatu, baridi. Betri ya Sony ni ya lithiamu, na ya simu yako ni ya lithiamu. Baridi ikizidi, umeme unapita kwa shida ndani ya betri, volti zinaanguka, simu inadhani chaji imeisha inazima. Ndiyo maana ilifufuka kwapani. Sony nayo ukiiacha nje ya begi la kulalia pale Barafu itazima vilevile. Kilichoimaliza zaidi simu yako ni kutafuta mtandao usiku kucha kama mtoto anayemtafuta mama yake sokoni. Umewahi kuiweka ile alama ya ndege?

Mgumu_wa_Pasua:

Ya ndege sijawahi, FundiDabo. Nikiizima mtandao bosi akipiga hanipati, na kazi inayofuata anapewa mwingine.

Kuhusu nyimbo umenipata, na ni steshenari kweli. Ila mgeni siku ya kushuka, hotelini, alinikopia nyimbo tisa kwenye kadi yangu. Zimekula MB 300 na ushee. Ule wa baba peke yake MB 41. Wa kwangu wa zamani, wimbo uleule, MB 6 na nusu.

MamaSaluni_Kijenge:

Mdogo wangu, usimsikilize huyo wa mbuzi. Mimi nina saluni Kijenge, Arusha, na hiki kitu nimekiishi. Shemeji yangu aliniletea iPod classic, ile ya GB 160 yenye gurudumu la kuzungusha kwa kidole. Nilikuwa naiunganisha kwenye spika asubuhi, inapiga mpaka nafunga. Ukitumia simu kwenye saluni unajua inakuwaje: wimbo umekolea, mteja yuko chini ya draya, ghafla mlio wa simu kwenye spika kubwa, halafu "umepokea shilingi…" inatokea kwenye kioo wasichana wote wanasoma. Kwenye iPod hakuna anayejua nina shilingi ngapi.

Apple waliacha kuitengeneza ile classic 2014, mimi nikaendelea nayo tu. Ndani yake kuna diski inayozunguka. Ikaja siku ikadondoka kwenye beseni la kuoshea nywele. Beseni lilikuwa kavu, nikashukuru Mungu, kumbe nimeshukuru mapema. Ikaanza kulia tik, tik, tik, kama saa ya ukutani. Nilizunguka nayo mjini hadi kule chini ya Mnara wa Saa, kila fundi anaigeuza, anaisifia, ananirudishia. Mmoja aliniomba abaki nayo siku tatu. Ilirudi haina hata ule mlio.

Leo natumia simu yangu ya zamani ambayo nimeitoa laini. Nimefuta kila kitu, kimebaki cha kupigia muziki tu. Inafanya kazi ileile. Lakini nikuulize, na unijibu kweli: unataka sauti nzuri, au unataka kitu ambacho mtu hawezi kukupigia?

Dereva_Njiro:

Chalii yangu, mimi naendesha wageni Arusha hadi Serengeti, saa saba nane barabarani, najua thamani ya muziki. Lakini fikiria siku umekwama hela ya ada. Simu ya laki tisa unaipeleka Soko Kuu asubuhi, saa sita umeshapata laki tano mkononi. Hiyo Sony utamuuzia nani Moshi? Utazunguka nayo wanakuuliza kamera iko wapi.

Halafu wizi. Simu ikiibiwa ina IMEI, ile namba yake ya utambulisho, unaweza kuifungia, mwaka 2016 tuliona TCRA, wale wa mamlaka ya mawasiliano, walivyozima zile feki zote zikageuka matofali. Hicho kimashine hakina IMEI, akiondoka nacho kijana pale stendi amebarikiwa. Na kama kinatoka Ujerumani ujue za Ulaya wanaziwekea kikomo cha sauti ili kulinda masikio. Mlimani na upepo ule utakuwa unanong'onezwa.

Kisusio:

Narudia: mbuzi watano. Hawana IMEI lakini wanaita wenyewe wakiibiwa.

FundiDabo:

Mgumu, hizo nyimbo tisa ni dhahabu. Njoo nazo kesho ofisini, uje na ile MP3 yako pia. Nina waya mfupi wa kuchomeka kwenye tundu la chaji wenye kigeuzi chake ndani. Tangu Apple watoe tundu la hedifoni kwenye iPhone 7 mwaka 2016 hivi vitu vimejaa, cha kwao wenyewe kinauzwa dola 9. Nina na hedifoni za waya, siyo za bei ya Mjerumani, ila ni nzima. Nakufunga macho, nakupigia, unaniambia.

Mgumu_wa_Pasua:

Wakuu, mrejesho. Jana nilikwenda.

FundiDabo ana kibanda kidogo, meza imejaa vioo vilivyokufa. Akanikalisha kwenye ndoo, akachukua simu yangu hii hii ya kupasuka, akachomeka ule waya, akaifunika kwa kitambaa nisione anabonyeza nini. Akapiga kipande kilekile cha kabla ya saksafoni mara kumi, mara nyingine ya MB 6, mara nyingine ya MB 41, kwa kuchanganya. Mara tisa nikapatia. Ile ya kumi pikipiki ilipita, tukabishana kama ihesabiwe.

Pumzi ipo. Kwenye simu yangu mbovu, pumzi ipo! Kwenye ile MP3, mahali pale kuna "shwaaa" tu kama mvua ya mbali kwenye bati. Gitaa la rithimu nalo lipo, ingawa Shira nililisikia limetengana zaidi. Sony yenyewe hatukuwa nayo mezani, kwa hiyo sisemi ni sawasawa, na zile hedifoni za mgeni zilikuwa nzito, za watu. Lakini tofauti kubwa, ile iliyonipeleka kukagua maji, ilikuwa ndani ya faili.

Sasa dada yangu wa Kijenge, shikamoo. Swali lako limenikosesha usingizi. Nitakujibu kweli.

Siku ile Shira, dakika kama tano kabla sijavalishwa zile hedifoni, simu ilikuwa imeshika mtandao. Zikaingia meseji kumi na moja kwa mpigo. Shule wanakumbusha hela, shemeji anataka mkopo, kundi la WhatsApp la wagumu wanagombana kuhusu tipsi, na mama watoto anauliza gesi imeisha afanyeje, na mimi nipo juu ya mawingu nina mgeni anayeumwa kichwa. Zamani ukivuka geti umepotea, watu wanakuombea tu. Mwaka 2022 walipofikisha intaneti kambi ya Horombo mimi nilikuwa wa kwanza kupiga picha na kuirusha. Leo najiuliza nilikuwa nashangilia nini. Yule Mjerumani alikuwa na simu pia, iliyozimwa, ndani kabisa ya begi alilobeba kijana wangu. Nikagundua nilikitamani kile kimashine kwa kuwa hakiwezi kuniambia gesi imeisha.

Kwa hiyo nimeamua hivi. Nanunua simu ya kawaida ya laki nne na nusu, yenye kioo kizima. Hii iliyopasuka inatolewa laini, FundiDabo anaibadilisha betri kwa elfu thelathini na tano, inakuwa redio yangu ya mlimani. Usiku nalala nayo mfukoni ndani ya begi la kulalia. Mjerumani nimemwandikia asilete Sony, alete hedifoni kama zake, nitamlipa, na kama anazo nyimbo zaidi za kina baba zetu aje nazo, maana inaniuma kidogo kuzifuata Ujerumani.

Inayobaki nimemkabidhi mama watoto. Kahesabu mbele yangu. Kisha akasema leta hizo za masikio nisikie hicho kilichotaka kula hela yangu. Ukapigwa ule wa basi la baba. Alisikiliza wote, macho kwenye sufuria, maharage yakaungua chini, na hakuniambia chochote kuhusu redio tena.

Kisusio:

Laki nne na ushee iliyobaki ni kama mbuzi wawili na nusu. Nusu nitaichukua mimi.

Mgumu_wa_Pasua:

FundiDabo, memori kadi ya GB 128 unayo ya kweli, siyo hizi za kubandikwa lebo ambazo zikifika GB 8 zinaanza kufuta za mwanzo? Alhamisi naingia mlimani.

FundiDabo:

Ninayo. Njoo kesho kabla ya saa nne, nitaijaza mbele yako mpaka juu uone mwenyewe. Na uje na ile ndoo nyingine, uliyokalia jana imepasuka.