Kuonyesha asilimia faili linapopakiwa: XMLHttpRequest, PHP au tus?

FundiTovuti
Wakuu, nina tovuti inayopokea maombi ya kazi. Watu wanapiga picha vyeti kwa simu, wengine wanatuma PDF ya MB 18. Wakibonyeza "Tuma" ukurasa unakaa kimya. Jana nimefungua folda nikakuta cheti kilekile kimetumwa mara nne na mtu mmoja. Bando lake lote limeishia hapo, na imeniuma kweli. Nimeona njia tatu: XMLHttpRequest (JavaScript inatuma faili bila kufungua ukurasa upya), session.upload_progress ya PHP (seva ndiyo inayohesabu kilichofika), na tus (utaratibu wa kupakia unaoendelea pale ulipokatikia). Nichukue ipi?

BintiTanga
Anza na XMLHttpRequest. Ukishaiunda, tuseme umeiita xhr, tukio la progress kwenye xhr.upload linakupa loaded (baiti zilizotumwa) na total (baiti zote); gawanya, zidisha kwa 100, peleka kwenye `<progress max="100">`. Lisajili kabla ya send(). Na liwe kwenye xhr.upload, si kwenye xhr yenyewe: hiyo inahesabu jibu linaloshuka kutoka kwenye seva. Kosa hilo nimelikuta kwenye tovuti nyingi nilizoitwa kurekebisha.

MzeeWaSeva
Ile ya PHP nimeitumia sana. Ilikuja na PHP 5.4 mwaka 2012, na wakati ule vivinjari vingi vya zamani havikuwa na tukio hilo la progress. Kivinjari kinaiuliza seva kila baada ya muda mfupi: limefika wapi? Ila ukiwa na nginx mbele (programu ya seva inayopokea kwanza kila kinachotoka kwenye kivinjari), kwa mpangilio wake wa kawaida inapokea faili zima kwanza ndipo inaikabidhi PHP. Mtumiaji anaona sifuri, sifuri, halafu ghafla 100. Achana nayo.

Juma_wa_Msimbo
Na fetch je, ile njia mpya zaidi ya JavaScript ya kutuma data? Mimi ndiyo ninayoitumia kila mahali.

BintiTanga
fetch haina tukio la maendeleo ya kupakia, ndugu yangu. Kwa kazi hii rudi kwenye XMLHttpRequest.

FundiTovuti
Nimejaribu, inakwenda vizuri. Lakini ikifika 100% inakaa hapo kama nusu dakika, mtu anadhani imekwama, anabonyeza tena!

BintiTanga
100 hiyo ni baiti zilizotoka kwenye kivinjari. Seva bado inakagua na kuhifadhi. Hapo ondoa value (namba ya asilimia) kwenye `<progress>`, upau utaendelea kucheza bila kutaja kipimo, na chini yake andika: "Faili limetumwa, linahifadhiwa. Usifunge ukurasa." Neno "Limepokelewa" litoke seva ikishajibu tu. Kitufe kizime tangu mbonyezo wa kwanza. Mtu anasubiri kazi, tusimwambie limefika kabla halijafika.

MzeeWaSeva
Hapo nakubaliana na dada. Ila mtandao ukikatika kwenye 90%, XMLHttpRequest inaanza upya. tus inauliza seva kwa HEAD (ombi la kuuliza tu), inarudishiwa Upload-Offset (idadi ya baiti zilizokwisha kufika), kisha inaendelea kwa PATCH (ombi la kutuma kilichobaki) pale ilipoishia. Ugumu wake ni kuweka programu ya tus kwenye seva. Kwa MB 18 na mtandao wa kusuasua, mimi ningeiweka.

Halafu soma file.size (ukubwa wa faili) kabla ya kutuma. nginx isipobadilishwa inakataa chochote kinachozidi MB 1, na kosa la 413 (faili ni kubwa mno) halimrudishii mtu bando lake.

FundiTovuti
Nimezima kitufe, nimeweka ujumbe wa dada, na ukubwa unakaguliwa kwanza. Leo asubuhi yameingia maombi sita, kila cheti nakala moja. tus naiweka wikiendi hii.