Marubani wa droni Newala tunalazimishwa kurusha kwa kutazama alama ya jua kwenye simu!

Ndugu wanajukwaa,

Naandika nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Kampuni inayotukodi kupiga picha za mashamba ya korosho huku Newala imemkata rubani mwenzetu malipo ya kazi nzima kwa sababu droni ilianguka, ilhali aliyeamuru irushwe ni msimamizi aliyekuwa ameketi Mtwara mjini. Rubani alimweleza kwa simu kwamba mikorosho inayumba na kwamba ni heri kusubiri kesho yake alfajiri. Alijibiwa kwa picha ya utabiri: alama ya jua, nyuzi joto 29, na maneno "hali ni shwari, rusheni".

Shwari ya wapi? Utabiri ule ulikuwa wa mjini, pwani, zaidi ya kilomita 100 kutoka kwenye ukingo huu wa uwanda wa Makonde, ambako upepo wa kusi hugonga mteremko unaotazama bonde la Ruvuma na kuvurugika. Isitoshe, kasi ya upepo katika utabiri wa kawaida ni ile ya mita 10 juu ya ardhi, nasi tunatakiwa kurusha karibu mita 100, ambako mara nyingi upepo una nguvu zaidi. Jua halisemi lolote kuhusu upepo. Mwezi Julai anga huwa jeupe na kusi inavuma vilevile.

Droni ndogo nyingi za kupiga picha huhimili upepo wa mita 10 hadi 12 kwa sekunde, yaani kilomita 36 hadi 43 kwa saa, na kabla ya kikomo hicho betri huwa imekwisha kuelemewa. Siku ile droni yetu ilikwenda ikisukumwa na upepo, ikafika mwisho wa shamba ikiwa na zaidi ya nusu ya chaji. Ilipogeuka kuukabili upepo, asilimia zikaporomoka huku yenyewe ikiwa kama imesimama palepale angani, hadi ikaangukia walipokuwa akina mama wakisafisha chini ya mikorosho, karibu kabisa na mtoto aliyelazwa juu ya kanga. Msimamizi hajauliza habari za mtoto huyo hata mara moja. Anauliza bei ya droni.

Mkulima yeyote wa hapa hupuliza salfa ya unga, dawa ya ukungu wa mikorosho, alfajiri, majani yakiwa na umande na upepo ukiwa umetulia. Kwa nini kampuni yenye kompyuta ishindwe kupanga ratiba hivyo?

Tunadai mwenzetu alipwe fedha zake zote. Tunadai pia ratiba ifuate utabiri wa saa kwa saa wa eneo la kazi, unaoonyesha kasi ya upepo na mivumo yake ya ghafla, kipima upepo kiwepo shambani, na rubani aliyepo ndiye awe na kauli ya mwisho. Mwanajukwaa aliyewahi kudai malipo yaliyokatwa namna hii atueleze alianzia ofisi gani na alitakiwa kupeleka vielelezo gani, kwa maana ujumbe wa msimamizi tumeuhifadhi.