Skrini za kwenye magari: nani ishamtoa barabarani? Tupeane uzoefu

Mgosi wa Chumbageni
Wagosi habari za jumapili. Asubuhi nimekaa zangu Raskazone, hapa Tanga, napunga upepo ikapita gari mpya mpya, dereva kainamisha shingo anachokonoa skrini mpaka tairi la kushoto likapanda ukingo, muuza madafu kaacha mkokoteni kakimbia. Nikakumbuka yangu ya masika ya mwaka jana.

Natoka Segera usiku, gari nimelitoa bandarini Dar wiki ileile, kila kitu Kijapani. Hale nimepita vizuri, ile nakaribia Muheza mvua ikashuka ile yenyewe, kioo kikaingia ukungu kwa ndani kama mtu kakipulizia moshi. Kigari changu cha zamani nilikuwa nazungusha kile kidude cha upepo, macho mbele, mkono unajua wenyewe, klik klik klik, ukungu unaondoka. Hili jipya hamna cha kushika, ni utelezi mtupu, upepo umo ndani ya skrini, na skrini yenyewe iko kwenye ramani inaonyesha gari langu linaelea kwenye bluu maana ramani ni ya Japani. Nikabonyeza panapofanana na feni, ikafunguka redio. Nikabonyeza tena, yule dada wa Kijapani akaanza kuongea. Nikainama nisome zile herufi, kana kwamba nikikaza macho nitazielewa.

Nilipoinua kichwa naona miguu. Miguu miwili inakanyaga pedeli kwenye mwanga wa taa zangu, kandambili moja bluu moja nyeupe, juu yake magunia mawili ya mkaa yamemfunika mtu mzima, taa hana, rifleta hana. Nikakata kulia, mbele semi inanipigia honi, nikarudi kushoto, nikaja kusimama pua imeelekea mkonge. Mzee wa mkaa hata hakugeuka, kakanyaga zake kapotea kwenye mvua. Nilikaa pale nusu saa nimewasha hazadi (hiyo angalau wamemwachia mtu kitufe chake chekundu), kioo nikafuta kwa fulana.

Zile kandambili mpaka leo naziota. Haya, na wengine?

Bi Mwambani
Pole sana mgosi. Yule dada wa Kijapani kwangu anasalimia kila nikiwasha gari, mwanangu wa miaka minne anamjibu "marahaba".

Kirikuu cha Mabawa
Kweli kabisa.

Fundi Waya Makorora
Ngoja niwasaidie maana mnalaumu skrini bure. Magari mengi ya Japani redio yake inaanzia 76 inaishia 90 au 95, stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo, ndo maana unakaa unatafuta unatafuta hupati kitu, na hapo ndo watu wanapogonga. Njoo nikufungie expanda, kile kidude cha kuisogeza redio ishike stesheni za huku, kazi ya dakika chache. Na lugha usihangaike kuitafuta kwenye menyu, nyingi hazina Kiingereza kabisa. Ukichomoa betri baadhi zinadai paswedi au kadi ya ramani na wewe huna. Bora ung'oe yote uweke ya Android, kubwa, inchi 9, unaangalia na mpira.

Dereva wa Fuso Kange
Unaangalia mpira ukiendesha?

Fundi Waya Makorora
Sijasema ukiendesha.

Dereva wa Fuso Kange
We fundi usitufanye watoto. Ile skrini ikitoka kiwandani haionyeshi video mpaka uvute handbreki, ina waya wake wa kujua gari limesimama. Nyie ndo mnaounga ule waya kwenye bodi ili gari lidhani handbreki imevutwa muda wote. Nimepanda mchomoko, vile vigari vidogo vya abiria, toka Korogwe, dereva anaangalia Coastal Union anacheza, goli limeingia kaachia usukani kapiga makofi. Mikono miwili!!

Fundi Waya Makorora
Mteja ndo anataka. Nikikataa anaenda kwa mwenzangu barabara ya nane analipa palepale. Na abiria si ulishangilia?

Dereva wa Fuso Kange
Mi African Sports, watani wao.

Bi Mwambani
😂😂😂

Mwalimu Usagara
Hesabu ndogo tu. Mwendo wa kilometa 80 kwa saa, kila sekunde gari limekula mita 22. Ukiinamia skrini sekunde tatu ni mita 66 hujaona kitu. Jarida moja la magari la Sweden, Vi Bilägare, mwaka 2022 walijaribu hilohilo kwenye kiwanja cha ndege, mwendo 110, dereva apewe kazi nne ndogo ndogo, kuwasha joto la kiti, kubadili stesheni, vitu hivyo. Volvo ya 2005 yenye vitufe vya kawaida ilimaliza kwa sekunde 10, mita 306. Gari jipya lililoshika mkia lilitumia sekunde 44.6, likawa limeshakwenda mita 1,372. Na madereva walipewa muda wa kuzizoea kwanza.

Kirikuu cha Mabawa
Mwalimu hao Wazungu. Kiwanja cha ndege hakina baiskeli. Waje wajaribu hapa Ngamiani saa kumi na moja jioni.

Mkwe wa Korogwe
Jamani yangu ni ndogo lakini acha niitoe, imenikaa rohoni.

Tulikuwa tunapeleka mahari Korogwe. Gari la kuazima. Mbele kakaa baba mdogo, nyuma mshenga na shangazi, kapu la halua kapakata. Nimeunga simu kwenye skrini ili niwapigie kaswida wazee wafurahi. Tunafika Pongwe simu ikaita, skrini nzima ikaandika KAUSHA DAMU 2, hivyohivyo nilivyomsevu mkopeshaji wangu. Nikapeleka kidole kwenye nyekundu, tairi likapanda tuta, kidole kikaangukia kijani.

Spika nne. Yule dada hana salamu, "Kaka leo tarehe ngapi, nakuja na vijana wangu kubeba friji na lile godoro." Mi natafuta pa kupunguza sauti, sauti imo ndani ya skrini, skrini iko kwenye simu. Baba mdogo akasema ngoja nikusaidie, akabonyeza, ikaongezeka. Shangazi akauliza "godoro lipi?" Muda wote huo macho yangu yako kwenye kile kioo wallahi barabara sikuiona, nimekuja kusikia mshenga anapiga "Breki!", kumbe daladala imesimama inashusha. Niliikosa kwa kiganja. Halua yote ikahamia mgongoni kwa baba mdogo, kanzu nyeupe.

Bi Mwambani
Subiri. KAUSHA DAMU 2? Na 1 ni nani?

Kirikuu cha Mabawa
Posa ilipita??

Mama Sahare
Hela ya mahari ndo ya mkopo au hela ya mkopo ilikuwa ya kitu kingine? Maana tuelewane kwanza hapo.

Dereva wa Fuso Kange
Mwanaume mzima unakopa kausha damu unapeleka ukweni. Aibu.

Mama Sahare
Aibu ya nini, we ulioa bure? Mwache kaka wa watu. Ila mkopeshaji naye ana haki, deni ni deni.

Mzee wa Bandari
Turudi kwenye mada vijana. Nimefanya kazi majini miaka mingi. Agosti 2017 manowari ya Marekani, USS John S. McCain, iligongana na meli ya mafuta karibu na Singapore, wakafa mabaharia 10. Uchunguzi ukakuta mabaharia walichanganyikiwa na uendeshaji wa kwenye skrini, hawakujua usukani uko kwenye meza ipi. Jeshi lao la majini likaamua kurudisha vishikio vya kuendeshea kwa mkono. Sasa kama manowari ina watu wazima kumi wanaangalia mbele, wewe peke yako na

Mzee wa Bandari
Imejituma yenyewe. Kidole kimeteleza.

Bi Mwambani
Shikamoo mzee 😂 umethibitisha mwenyewe. Huyo wa mahari yuko wapi?

Mwalimu Usagara
Mzee yuko sahihi. Hata wale wapimaji wa usalama wa magari Ulaya, Euro NCAP, kuanzia 2026 gari likificha indiketa, honi, waipa na hazadi ndani ya skrini bila kitufe cha kweli linakatwa maksi. Ujerumani dereva wa Tesla alipata ajali akitafuta kasi ya waipa kwenye skrini, mvua inanyesha, mwaka 2020 mahakama ya Karlsruhe ikasema hiyo skrini ni sawa na simu tu. Faini na mwezi mmoja bila kuendesha.

Kirikuu cha Mabawa
Hayo mazuri ya 2026 huku tutayapata 2036 yakishachoka.

Dereva wa Fuso Kange
Dawa ni kitambaa. Funika skrini na kanga, endesha.

Fundi Waya Makorora
Ukifunika kamera ya rivasi utaionaje? Kabla hujaondoka weka kila kitu sawa umesimama, upepo, redio, simu. Barabarani usiguse.

Mama Sahare
Mi namwachia abiria wa mbele. Kazi yake hiyo, la sivyo akae nyuma.

Kirikuu cha Mabawa
Abiria wa mbele kama baba mdogo?

Mgosi wa Chumbageni
Mi nimenunua marker pen nimechora kimshale chekundu pembeni ya skrini panapotokea upepo wa kioo. Mke wangu anasema nimeharibu gari. Ila fundi hiyo expanda bei gani?

Fundi Waya Makorora
Njoo inboksi mgosi.

Mkwe wa Korogwe
Narudi nilikuwa kazini. Posa ilipita. Baba mkwe alipoona kanzu ya baba mdogo alidhani tumepata ajali, kwa huruma hata mkaja hakuubana. Deni amenimalizia mshenga, sasa namdai, yaani ananidai yeye.

Bi Mwambani
Umemsevuje?