Subaru WRX: Pampu ya 255 na rilei – volti zinapotelea njiani

likoni_boksa
Assalaam aleykum jamaa. Gari ni Impreza WRX ya toleo la GDA, injini EJ205, turbo kubwa kidogo na injekta zimebadilishwa. Mwezi uliopita nilitia pampu ya petroli ya Walbro ya lita 255 kwa saa. Chini linavuta vizuri, lakini likipita mizunguko 5,500 mchanganyiko unakauka, yaani petroli inapungua: mita ya uwiano wa hewa kwa petroli inatoka 11.3 inapanda hadi 12.9, naondoa mguu. Fundi wangu asema pampu ni feki nitafute nyingine. Sikukubali. Jumapili alfajiri nilivuta waya mbili kutoka kwenye pampu hadi kiti cha mbele, shemeji akaendesha barabara ya Dongo Kundu, mimi nimeshika multimita. Gia ya tatu, mguu wote chini: pampu yapata volti 11.4. Betri, kwa mzunguko uleule, 14.1.

Sasa nataka kuweka rilei (swichi inayowashwa kwa umeme mdogo) na waya mpya kutoka betri. Waya wa ukubwa gani, na amri ya rilei niichukue wapi? Hii injini nimeikusanyia pesa miaka mitatu, sitaki ipasuke pistoni kwa sababu ya waya.

gx110_temeke
Mkuu, mimi kwenye Mark II nilivuta waya wa betri hadi pampu, nikaweka swichi karibu na usukani. Rahisi, na mwizi hawezi kuondoka nalo. Mwaka wa pili huu.

waya_na_moto
Ndugu wa Temeke, naomba uitoe hiyo swichi wiki hii. Nilishaitwa kwenye gari lililogongwa ubavuni, pampu imefungwa kwa swichi namna hiyohiyo. Injini imezimika, dereva katolewa, na pampu bado inalia kwenye tanki, petroli inamwagika lami kupitia mpira uliokatika. Tulikuwa watu sita tumelizunguka. Kompyuta ya gari inakata pampu injini ikisimama, na kinga hiyo hakuna sababu ya kuiondoa. Ya mwizi tafuta dawa nyingine.

Ndugu wa Likoni, umefanya vyema kupima gari likiwa linavuta. GDA ina kiboksi nyuma kinachoipa pampu umeme kwa vipande: theluthi moja, theluthi mbili, kisha wote mzigo ukizidi. Ukipima limesimama linanguruma tu, mita inakuonyesha wastani wa vile vipande, na unaweza kulaumu waya usio na kosa.

Kabla hujakata chochote, rudi na shemeji mpime tena, safari hii kila upande peke yake. Ncha moja ya mita kwenye chanya ya betri, nyingine kwenye chanya ya pampu, gari livute. Namba utakayoiona ndiyo volti zinazopotea njia ya kwenda. Halafu hasi ya betri na hasi ya pampu: hiyo ni njia ya kurudi. Wengi hufunga rilei upande wa chanya, wakaiacha athi (waya wa hasi wa kurudi) ileile nyembamba, kisha wakasema rilei haisaidii.

Waya: milimita 4 za mraba, wa nyuzi nyingi. Kwa mita 5 na ampea 12 unapoteza kama robo ya volti. Waya wa nyumba ule mgumu usiuguse, mtikisiko utauvunja. Na ule unaouzwa kwa ajili ya muziki wa gari, kwangua uzi mmoja kwa kisu mbele ya muuzaji. Ukiona weupe ndani, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, mrudishie. Kwenu pwani chumvi itaula haraka.

Fyuzi ya ampea 20 iwe karibu kabisa na betri, shubiri moja au mbili. Inalinda waya, kwa hiyo kuiweka nyuma kwenye buti ni sawa na kutokuwa nayo. Kutoka fyuzi nenda mguu 30 wa rilei, 87 uende pampu, 85 athi. Amri ya 86 usiichukue kwenye waya unaotoka kiboksini kwenda pampu: rilei itatetemeka kwa vile vipande vya umeme hadi midomo yake iungue. Chukua ule unaoingia kiboksini kutoka rilei ya kiwandani. Utautambua hivi: washa ufunguo bila kupiga starti, unapata volti 12 kwa sekunde kama mbili, unakata, unarudi ukipiga starti.

Hasi ya pampu ipeleke bodini kwa waya wa unene uleule. Kwangua rangi hadi chuma king'ae, kaza bolti, kisha paka grisi. Rilei ifunge miguu ikiangalia chini, maji yasikae.

likoni_boksa
Nimerudi. Upande wa chanya zilikuwa zinapotea 1.6, upande wa athi 1.1. Ile 1.1 ilinishtua. Nilipotoa kiti cha nyuma na kuchuna waya wa athi, shaba ndani imekuwa unga wa kijani hadi kidole kizima kutoka kwenye kishikizo chake.

Nimefunga kama ulivyosema. Sasa betri 14.0, pampu 13.5. Mchanganyiko umekaa 11.4 hadi 6,800, haujasogea. Pampu haikuwa feki. Allah akulipe kheri, kaka.

waya_na_moto
Alhamdulillah. Mambo mawili kabla hujaliamini. Pampu sasa inazunguka kwa nguvu zote hata gari limesimama, kwa hiyo funga geji ya presha ya petroli uangalie kama regyuleta, kile kidhibiti cha presha, inaweza kurudisha ziada yote tankini. Presha ikibaki juu likiwa limesimama, tuandikie hapa. Na ukiendesha nusu saa, fungua buti uguse ile soketi iliyo juu ya kifuniko cha tanki. Vipini vyake vya kiwandani ni vidogo. Ikiwa ya moto kiasi kwamba mkono haukai, usiendeshe hadi tuibadilishe.