Nimeinuliwa kwenye kiti changu mwenyewe ili akae mdhamini wa kampeni!

Fundi Turubai:
Wakuu, naandika mikono inatetemeka, msinisahihishe herufi.

Jina simtaji. Mnamjua. Yule yule mtia nia wetu wa ubunge, wa kofia, wa "mimi ni jirani yenu". Jana usiku alikuwa na hafla ya kuchangisha hela za kampeni. Mimi sina milioni, nikasema ngoja nichangie nilichonacho: viti 150 na turubai mbili, bure. Kwa 500 kila kiti hapo nimeacha elfu 75, turubai sijahesabu. Nimevipakia mwenyewe, nimevipanga mwenyewe, nimevifuta mwenyewe. Nikajichagulia kimoja safu ya pili, namba 47, kile chenye mguu nilioushona kwa waya, nikakaa.

MC akashika maiki: "Mzee wa viti, hebu mpishe mdhamini hapo."

Kwenye MAIKI. Ukumbi mzima umegeuka, mpaka mbuzi wa jirani kageuka. Nikainuka, hata sijui kwa nini niliinuka. Mtia nia anaona, anacheka meno 64. Na huyo mdhamini kabla hajakaa akatoa leso, akakifuta. Kiti nilichokwisha kukifuta! Utadhani nilikuwa nimekikalia na upele.

Hafla nimeimalizia nimesimama mlangoni kwa wapishi, na sahani ya pilau ambayo nyama ilipita mbali.

Mdhamini mwenyewe mnamjua pia, wa tipa za mchanga. Mchanga wa mto wetu, aliouchimba mpaka nguzo za daraja zimebaki nje kama meno ya bibi. Mwezi uliopita mtia nia alisimama pale pale darajani akawaita yeye na wenzake "wezi wa mchanga". Jana bahasha imeingia, wamekuwa "wadau wa maendeleo". Masaa matatu neno daraja halikumtoka mdomoni. Nina uhakika, maana nilikuwa nimesimama sina kazi nyingine. Sasa ilani yake niisome ya nini? Safu ya mbele yote ilikuwa pale: mchanga, ushuru wa stendi, na yule aliyezungushia ukuta uwanja wa shule. Hiyo ndiyo miaka yetu mitano, imekaa kwenye viti vyangu.

Leso, wakuu. LESO.

Mjukuu wa Chifu:
Uzi bila picha ya kiti namba 47 ni chai.

Kobazi1:
Mkuu gombea tu na wewe. Viti maalum.

Bi Mkubwa Tanga:
Kobazi utaua watu humu 😂😂

Wakili Njaa:
Mleta mada, punguza povu. Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010 inamtaka mgombea ataje michango: ya mtu mmoja ikizidi milioni 1, ya taasisi ikizidi milioni 2, na hesabu mwisho wa siku zinafika kwa Msajili wa Vyama vya Siasa. Kwa elfu 75 yako hata sheria haikuoni. MC kafuata utaratibu.

Fundi Turubai:
Wakili, ile bahasha nani kaifungua mezani ukaona ilikuwa ya ngapi? Halafu mimi nazungumzia leso, wewe unaniletea vifungu.

Mzee Takrima:
Vijana mmelogwa. Sisi takrima tumekula kihalali kabisa mpaka Mahakama Kuu ilipoipiga chini 2006. Enzi hizo mgombea ndiye anakupa wewe khanga na chumvi. Leo mtu mzima unampelekea mgombea viti, unasimamishwa, halafu unakuja kulia huku.

Mwana Mvita:
Poleni majirani. Kwetu Kenya sheria ya fedha za kampeni ipo tangu 2013. Tume ya uchaguzi ilipotangaza viwango vya kuchangia na kutumia mwaka 2021, Bunge likavitupilia mbali. Huyo wako katoa leso, wetu angekuja na walinzi wakuondoe na kiti chako.

Spika Mbili:
Viti si umerudishiwa vyote? Mimi 2020 nimempigia muziki mgombea udiwani siku 21, jenereta langu, mafuta yangu. Namdai ananijibu "mchango wako utakumbukwa". Spika moja ilianguka kwenye gari inatoa sauti ya bata mpaka leo. Na wewe unalilia leso.

Boda wa Kijiweni:
Bora nyie. Sisi tuliahidiwa lita mbili za petroli kwenye msafara, tukapewa moja, na fulana ya saizi ya mtoto wa chekechea.

Spika Mbili:
Si ulipata fulana lakini?

Boda wa Kijiweni:
Haipiti kichwani, nafutia pikipiki. Sura ya mgombea inakaa vizuri pale kwenye bomba la moshi.

Mzee Takrima:
Mwaka 2000 fulana zilikuwa nzito. Ninayo moja, nalalia.

Mjukuu wa Chifu:
Picha ya kiti bado hatujaiona.

Mama Kipaimara:
Samahani mleta mada, hivyo viti viko eneo gani? Nahitaji 80 Jumamosi, kijana wangu anapata kipaimara.

Kobazi1:
Mama, utafute na MC mwingine.

Fundi Turubai:
Vipo mama. Bei ni 500, ukichukua 80 nakufanyia 450. Njoo PM. Usafiri juu yako.