Malalamiko: nimeuziwa springi za kuinua gari kwa inchi bila kuulizwa gari linabeba nini, na sasa Land Cruiser yangu haifai barabarani

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Ninafungua uzi huu nikiwa na hasira, na sitaificha, lakini nitajitahidi kueleza jambo kwa mpangilio ili atakayesoma ajue kilichotokea na asije akaingia katika shimo nililoingia mimi.

Gari langu ni Land Cruiser ya toleo la 80, yenye injini ya dizeli ya 1HZ, ya mwaka 1994. Ni gari la familia na la safari, si la maonyesho. Springi zake za kiwandani zilikuwa zimechoka kwa miaka 30 ya mashimo, na nyuma ilikuwa imekaa chini kiasi kwamba kila tukipakia mizigo mkia unagusa kwenye matuta. Kwa hiyo nilihitaji springi mpya na shokapu mpya, na kwa kuwa tunapenda kwenda Ziwa Natron kwa njia ya Mto wa Mbu na Engaruka, nilitaka gari liinuke kidogo, inchi mbili tu, yaani sentimita tano hivi. Duka lililoniuzia sitalitaja jina, maana lengo langu si kumharibia mtu biashara bali kueleza namna biashara yenyewe inavyofanywa.

Niliingia dukani na daftari. Nilikuwa nimeandika kila kitu ambacho gari hubeba: keria ya juu yenye hema, friji, jerikani tatu za maji za lita 20, matairi mawili ya akiba, na sanduku la vifaa. Nilikadiria kilo 300 za kudumu, karibu zote nyuma. Mbele sina ngao ya chuma wala winchi, ile mashine ya kulivuta gari likinasa. Bampa ni ileile iliyotoka nayo kiwandani. Muuzaji hakulitazama daftari. Aliniuliza swali moja tu: "Bosi, unataka inchi mbili au nne?" Nilipomwambia mbili, akatoa maboksi, akasema zote ni za Land Cruiser na zinaingiliana, kisha akaongeza kwamba nikizifunga difu, lile boksi la gia lililo katikati ya ekseli, litapanda na sitagusa mawe tena. Nililipa shilingi 2,850,000 kwa springi nne na shokapu nne, na fundi aliyeletwa na duka akazifunga siku hiyohiyo.

Kabla ya kufunga nilikuwa nimepima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi: mbele sentimita 49, nyuma 48. Baada ya kufunga, gari likiwa tupu, mbele ilisoma 57.5 na nyuma 53. Nani anaita hizo inchi mbili? Mbele imeinuka sentimita 8.5, ambazo ni zaidi ya inchi tatu, na nyuma sentimita tano. Nilimwonyesha muuzaji futi kamba papo hapo. Akajibu kwamba springi mpya hukaa juu mwanzoni na zitashuka zenyewe. Springi mpya hushuka kidogo, hilo ni kweli, lakini hazishuki sentimita tatu na nusu.

Kesho yake nilikwenda Makuyuni na mke wangu, gari likiwa halina mzigo. Tulipofika kilomita 80 kwa saa, gari likaanza kutangatanga. Likivutwa kushoto na ukingo wa lami, halirudi. Nikikata kona, usukani unabaki palepale nilipouacha, ni mimi niurudishe kwa mkono. Lori lililotupita kwa kasi lilitusukuma hadi tairi la kushoto likatoka nje ya lami. Mke wangu alishika mpini wa mlango kwa mikono miwili na hakusema neno hadi tulipofika, na siku hiyo tulirudi Arusha kwa kilomita 50 kwa saa.

Hapa ndipo ninapotaka nisimame kidogo, kwa sababu tatizo hili lina jina na lina sababu, na muuzaji wa vifaa vya kuinua gari hana udhuru wa kutolijua. Tazama uma wa baiskeli: haukusimama wima, umelala kidogo kuelekea kwa mwendeshaji, na ulalo huo ndio unaofanya gurudumu la mbele lirudi lenyewe kwenye mstari ulionyooka. Magurudumu ya mbele ya gari yana ulalo wa namna hiyo, mafundi wa alaimenti, yaani wanaopima na kunyoosha magurudumu, wanauita kasta. Kwenye toleo la 80 ekseli ya mbele ni ngumu, gogo moja kutoka gurudumu hadi gurudumu, na imeshikwa na mikono miwili ya chuma inayotoka kwenye chasisi na kwenda mbele hadi kwenye ekseli. Ukiinua chasisi, mikono hiyo inainama zaidi, na kwa kuwa imefungwa kwenye ekseli kwa bolti mbili kila upande, inaizungusha ekseli nzima pamoja nayo. Kila inchi unayoinua inakula takriban nyuzi moja ya kasta. Kiwandani gari hili lina nyuzi tatu hivi. Mimi niliinuliwa zaidi ya inchi tatu. Mashine ya alaimenti ilisoma nusu nyuzi upande wa kulia na karibu sifuri upande wa kushoto, na kijana aliyenipimia, ambaye ni mtu mwaminifu kuliko wote niliokutana nao katika sakata hili, alinirudishia fedha yangu akisema gari hili halina mahali pa kurekebishia kasta kwa spana. Dawa yake ni bushi (vile vipande vya mpira vinavyokaa kwenye maungio) maalumu ambazo tundu lake halipo katikati, au mabamba ya kuhamisha bolti, au mikono mingine kabisa. Vitu hivyo vilipaswa kutajwa siku ya kwanza, kabla sijatoa hata shilingi.

Nilirudi dukani na karatasi ya alaimenti. Nikauziwa shokapu ya usukani, shilingi 280,000! Nimeifunga, na ninawaambia wazi: shokapu ya usukani hupunguza mtikisiko, lakini hairudishi kasta hata chembe. Usukani umekuwa mzito tu, na gari linatangatanga vilevile. Kumuuzia mtu kifaa hicho huku umeshika mkononi karatasi inayoonyesha kasta sifuri ni jambo ambalo siwezi kuliita kosa la bahati mbaya.

Kisha tukaenda Natron na mzigo kamili, maana safari ilikuwa imepangwa na wageni walikwishafika. Nilipima tena kabla ya kuondoka: nyuma ilikuwa imeshuka hadi sentimita 47. Chini ya pale ilipokuwa na springi zilizochoka! Mbele ilibaki 57. Gari lilisimama kama mashua iliyopandisha omo, na usiku kila dereva aliyekutana nasi alituwashia taa kwa sababu taa zetu zilikuwa zinamulika machoni. Ajabu ni kwamba usukani ulitulia kidogo, na fundi wangu alinieleza baadaye kwamba mkia ukishuka gari zima linalala nyuma na kasta inaongezeka kidogo. Kwa hiyo mtu anayejaribu gari lake likiwa na mzigo anaweza kudhani amepona. Baada ya Engaruka, kwenye makorongo, nyuma ilikuwa inagonga hadi chini kila mara, na mbele ilikuwa inagonga kuelekea upande wa pili: shokapu nilizouziwa ni za urefu wa kiwandani, springi imezivuta karibu mwisho gari likiwa limesimama tu, basi gurudumu likishuka shimoni shokapu inaishiwa na urefu na kupiga "kah!" kama nyundo kwenye chasisi. Bushi ya juu ya shokapu ya kushoto ilichanika kabla hatujaliona ziwa.

Niliporudi nilimpelekea gari mzee mmoja fundi ambaye ameshughulikia Land Cruiser tangu nikiwa shule. Yeye hakuanza na gari, aliomba maboksi. Namshukuru Mungu sikuwa nimeyatupa. Kwenye kila boksi kulikuwa na stika ya duka imeandikwa kwa kalamu nene "Land Cruiser 2 inch". Mzee akachovya kitambaa kwenye petroli, akasugua ukingo wa stika polepole, akaibandua. Chini yake kulikuwa na lebo ya mtengenezaji. Boksi la mbele lilisema springi hizo ni za gari lenye ngao ya chuma pamoja na winchi, uzito wa ziada hadi kilo 110. Boksi la nyuma lilisema uzito wa ziada hadi kilo 100 tu. Yaani mtengenezaji alikuwa ameandika kila kitu, na duka likabandika stika yake juu ya maandishi hayo. Mimi sina hata kilo moja ya ziada mbele, na nyuma nina kilo 300. Nilipewa kinyume cha nilichohitaji, na ushahidi ulikuwa umefunikwa kwa gundi.

Tulipima pia unene wa waya kwa kalipa. Springi ya zamani ya mbele ilikuwa milimita 16, mpya milimita 17. Mtu ataona milimita moja ni kitu gani, lakini ugumu wa springi hukua kwa unene wa waya uliozidishwa kwa wenyewe mara nne, hivyo kwa upana na mizunguko ileile, milimita hiyo moja huongeza ugumu kwa takriban asilimia 27. Ndiyo maana mbele haishuki na haitashuka, ningojee mwaka au miaka mitano. Kimo ambacho gari litasimama hutokana na ugumu na urefu wa springi ukilinganishwa na uzito unaoikalia, na ndiyo maana watengenezaji wanaojiheshimu, kama Old Man Emu wa Australia, huorodhesha springi za gari moja katika makundi ya uzito. Anayeuza kwa inchi peke yake anakisia, na anakisia kwa fedha zako na kwa maisha ya watu walioketi nyuma yako.

Na lile neno la difu kupanda ni uongo mtupu. Kwenye gari la ekseli ngumu, difu limo ndani ya ekseli, na ekseli imekaa juu ya magurudumu. Springi inainua bodi na chasisi. Difu linabaki palepale lilipokuwa. Kinachopandisha difu ni tairi peke yake. Ukitoka kwenye tairi la 275/70R16, lenye kimo cha sentimita 79 hivi, ukaenda kwenye 285/75R16, lenye sentimita 83 na ushei, difu linapanda nusu ya tofauti hiyo, sentimita mbili tu. Kuinua bodi kuna faida zake, kwa sababu tairi kubwa linapata nafasi na tumbo la gari halikai juu ya jiwe kwa urahisi, lakini kunapandisha pia uzito juu na kulifanya gari liwe jepesi kupinduka. Hayo nayo sikuambiwa.

Sasa duka linasema kosa ni la fundi aliyefunga, na fundi aliyefunga, ambaye waliniletea wao, anasema yeye alifunga alichopewa. Katika hili namwamini fundi. Ninachodai ni springi za mbele za gari lisilo na ngao wala winchi, springi za nyuma za kilo 300, shokapu za mbele zenye urefu unaolingana na kimo kipya, na fedha ya shokapu ya usukani irudishwe. Bushi za kasta nitanunua mwenyewe, maana hata kwa inchi mbili za kweli nitazihitaji. Nilieleza matumizi yangu kwa maandishi kabla ya kununua, na Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inamlinda mnunuzi aliyemweleza muuzaji matumizi ya kitu anachonunua. Barua nimekwisha kuipeleka dukani, nikaambatanisha picha za lebo, karatasi ya alaimenti na nakala ya ukurasa wa daftari. Nimewapa siku 14, na wasiponijibu nitaipeleka nakala Tume ya Ushindani.

Gari kwa sasa limeegeshwa uani juu ya mawe, magurudumu ya mbele yametolewa. Naomba msaada mmoja kwa wenye toleo la 80 la dizeli lenye bampa ya kiwandani kama langu: ukiwa umefunga springi za inchi mbili na gari linakwenda vizuri, niandikie kipimo chako cha mbele na cha nyuma kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi, gari likiwa tupu na likiwa na mzigo, pamoja na uzito ulioandikwa kwenye lebo ya boksi. Kama boksi lako lina stika ya duka, ibandue kwanza.